Sahani ya Junior

Pascaline aliamka akakuta sahani aliyoiacha mezani imelambwa ikang'aa, na kitambaa alichoifunikia kimekunjwa vizuri pembeni. Sasa niambieni, panya gani anakunja kitambaa?

"Eliezeri, ni weye ulikula chakula ya Junior?"

"Mi? Nililala nimeshiba," mumewe akacheka. "Itakuwa Divine."

Tangu wakimbie Kivu Kusini na kijana wao Junior apotee njiani, Pascaline hakuwahi kula bila kumwekea chake. Kule Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, watu hutokea mlangoni baada ya miaka, miguu imevimba, na ni aibu mtu wako akute sufuria imeshaoshwa. Hata huku bondeni nyuma ya mji mdogo wa Ngarama, katika nyumba waliyoazimwa na rafiki wa Mbarara ili presha yake ishuke, aliweka sahani.

Kesho yake ikaliwa tena. Safari hii chumba kilinuka tope na nywele zilizoungua, na Divine, binti yao wa miaka saba, hakutaka chai.

"Nilikula na kaka," akasema.

"Kaka gani, we mutoto?"

"Junior. Eko nyuma ya mulango. Hafunge macho. Anasema tutaenda kwake."

Pascaline akamvuta mtoto kwake. Divine alizaliwa kambini, kaka huyo hakumjua hata kwa picha.

Kufika adhuhuri ukungu ulikuwa umeshuka milimani, na mtoto alilala baridi kabisa, akitafuna mdomo mtupu. Eliezeri alimkimbilia Kyomuhendo, mama mzee anayetunza nyumba ile. Mama huyo alipofika alinusa, akasimama kizingitini.

"Nyinyi naita nani kula hapa?" akanong'ona.

"Mutoto wangu. Alipoteaka," Pascaline akajibu.

"Bambi, pole! Hapa bonde iko na jini, iko na njaa. Wewe naweka chakula ya mtu hayuko, yeye nakuja kama huyo mtu. Sasa nataka huyu mdogo."

"Tuombe, basi!" akasema Eliezeri.

"Omba, si mbaya." Mama mzee akamgeukia Pascaline. "Lakini ni wewe naita. Sema Junior amekufa, hakuna mtu unangoja."

"Siwezi! Sikuona maiti yake, mama, siwezi!"

Hapo nje pakasikika nyayo zenye maji zikiizunguka nyumba polepole, zikapita dirishani, zikapita jikoni, na ile harufu ikaingia nzito hadi Eliezeri akakohoa katikati ya sala, na Divine, macho yamefumbwa, akashuka kitandani akaelekea mlangoni mkono umeinuliwa, kama mtoto anayeongozwa na mkubwa wake, na baba yake alipomkumbatia kiuno akaburutwa pamoja naye mpaka kizingitini.

"Junior alikufa!" Pascaline akapiga kelele. "Hatumungoje tena!"

Nyayo zikakoma.

"Mama," ikasema sauti ya nje, ile ile ya mwanawe, ya kijana anayeanza kubalehe, kama siku aliyopotea. "Mbona unasema vile? Niko hapa."

Yesu wangu, uchungu ulioje! Akamtazama Divine, midomo imeshageuka buluu.

"Alikufa," akarudia, machozi yakimtiririka.

Mkono wa mtoto ukaanguka. Divine akafumbua macho, akaanza kulia kwa sauti, na joto likamrudia mwilini. Nje, kilio kingine kilishuka bondeni taratibu, kikisimama mara kwa mara kana kwamba kinasubiri kuitwa, na Pascaline akajiziba mdomo kwa mikono miwili asije akaita.