Ndiyo Nne za Lorcan Tuohy

Lorcan Tuohy hakuwa na gari wala baiskeli. Hakuwa na mke, hakuwa na wazazi, hakuwa na jiko la peke yake katika nyumba aliyopanga chumba kwenye mtaa wa Dorset. Hakuwa na cheti cha shule, maana alitolewa darasani akiwa na miaka kumi na mitatu akabebe magunia ya makaa. Hakuwa na kimo cha kuonekana katika umati. Na juu ya hayo yote, ingawa alizaliwa Dublin na babu zake wote wamezikwa Ayalandi, hakuwa na Kiayalandi. Katika lugha hiyo alibakiwa na sentensi moja tu, ile ambayo kila mtu nchini humo hutoka nayo shuleni hata akisahau mengine yote: kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni.

Alichokuwa nacho ni koti. Alilipata duka la mitumba, sufu ya kijivu, bitana ya hariri, na ukosini pini ndogo ya dhahabu, mviringo kama pete ya mwanasesere. Lorcan alijua maana yake kama anavyojua kila mtu wa Dublin. Mwenye kuivaa anawaambia watu: mimi nasema Kiayalandi, nisemeshe. Ilimpasa aing'oe siku ileile. Lakini asubuhi alipoingia nayo kwenye duka la viatu alikofanya kazi, meneja, aliyekuwa akimwita "wewe" kwa miaka sita, alimwita Bwana Tuohy. Pini ikabaki.

Jumamosi moja ya Februari mtaa wa Moore ulikuwa umefurika wanunuzi, maua yamelowa kwenye ndoo, na maji ya barafu yakitiririka kati ya viatu vya watu. Lorcan alikuwa akingoja zamu yake kwenye meza ya Concepta, muuza samaki mwenye mikono myekundu kwa baridi na mdomo usio na breki. Mbele yake alisimama msichana aliyevaa koti la mvua la bluu, kitambaa cha madoa kichwani, na nywele nyeusi zikichuruzika maji shingoni.

"Nataka vibua vitatu," alisema msichana. "Vya leo." Kiingereza chake kilitembea polepole, kikichagua pa kukanyaga.

"Vya leo? Kipenzi, hawa wamekufa asubuhi hii kwa kunisikia naimba," Concepta akajibu. "Na wewe sauti hiyo umeitoa wapi, mwezini?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Msichana akageuza uso kwa haya, na macho yake yakatua kwenye ukosi wa Lorcan. Papo hapo uso ukafunguka. Akaanza kumsemesha Kiayalandi, maneno yakimtoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba, mikono nayo ikisema.

"Sea," alisema Lorcan, yaani ndiyo. Ndilo neno alilolikumbuka.

Msichana akaongeza mengine.

"Sea, sea."

"Wasikieni hao njiwa," Concepta akasema. "Haya, bwana mkubwa, mtafsirie. Anawataka na vichwa au bila vichwa?"

"Bila," Lorcan akabahatisha kwa Kiingereza.

"Na vichwa!" Msichana alicheka hadi akashika ukingo wa meza. "Nimekwambia navitaka na vichwa, vya mchuzi."

Hapo ndipo angesema kweli, na kweli ingemgharimu aibu ya dakika moja. Badala yake akasema, "Uniwie radhi. Kiayalandi changu ni cha Kerry, kule kusini. Hiki chenu cha magharibi kinakimbia."

Lilikuwa jibu zuri kuliko alivyojua. Watu wa kusini na wa magharibi wamelaumiana hivyo tangu zamani, wala hakuna anayeshangaa.

"Utanizoea," akasema yule msichana. "Mimi Bairbre, wa Conamara, huko magharibi. Nashona mashati kiwandani. Miezi minane sasa nipo Dublin, na lugha yangu sijaisema na mtu ila kwenye sala."

Neno hilo lilimchoma Lorcan, na palepale likamfunga. Angewezaje kumnyang'anya mtu wa kusema naye?

Ikawa Jumapili wanatembea kando ya mfereji, kisha chai na mkate wa zabibu katika mkahawa mdogo wenye madirisha ya mvuke. Kwa Kiingereza Bairbre alizungumzia kiwanda, mvua na bei za vitu. Yaliyotoka moyoni aliyasema kwa Kiayalandi, na hayo yalikuwa mengi. Lorcan alitega sikio kwenye sauti yake kama mtu anayefuata muziki, na kila iliposimama, alitoa moja ya ndiyo zake nne: "ndiyo"; "ni kweli kabisa"; "loo, masikini"; na "uko sawa". Alizitoa kwenye kijitabu kinachouzwa vibandani kwa watalii, akajifunza kuzitamka mbele ya kioo cha kunyolea.

"Unajua kwa nini nakupenda?" Bairbre alimwuliza siku moja, akimfunga kifungo cha koti. "Wanaume wote niliowahi kukutana nao wananikatiza. Wewe unasikiliza."

"Usinisifu, Bairbre."

"Ona anavyoona haya. Nitakusifu nikitaka, hazina yangu. Utanishtaki kwa nani?"

Usiku huo hakula. Wiki iliyofuata alijiandikisha darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, akamwambia Bairbre kwamba dukani wanahesabu mali. Mwalimu Mac Giolla, mstaafu mwembamba mwenye chaki hadi kwenye nyusi, aliwafundisha madereva, wajane na makarani kumi na wawili namna ya kuamkiana, kuagiza chai, kuuliza njia, kusema kuna mvua na kusema mvua imekatika. Mlangoni Lorcan aliing'oa pini akaitia mfukoni, maana hakuna mwenye pini ya dhahabu anayekaa dawati la mbele akirudia jina lake ni nani. Akitoka aliivaa tena. Aliona haya kuivua na haya kuivaa, akajikaza kwa ahadi moja: mpaka Pasaka nitakuwa nimejua ya kutosha, na uongo utakuwa umegeuka kweli bila mtu kuumia.

Jumatano zilikuwa za simu. Bairbre alipiga saa moja jioni kutoka bweni la wafanyakazi, Lorcan akipokea kwenye ukumbi wa chini, karatasi yake ya maneno imebanwa kwa kidole ukutani.

"Dia dhuit, Lorcan."

Alimjibu salamu yake vizuri, kwa mara ya kwanza bila kutazama karatasi, akajisikia fahari.

"Mwanafunzi mwema," Bairbre akamtania kwa Kiingereza. "Wa Kerry anaanza kutamka kama binadamu." Kisha sauti ikashuka, akaingia katika Kiayalandi. Alisema muda mrefu. Lorcan alidaka neno baba, akadaka neno nyumbani, mengine yakampita kama gari moshi lisilosimama. Akasikia kuwa ni swali kwa jinsi lilivyoachwa juu likingoja.

"Tá an ceart agat," alisema. Uko sawa.

Kisha swali la pili, fupi, kwa sauti ndogo.

"Tá an ceart agat," akarudia, kwa uchangamfu zaidi.

"Asante, moyo wangu," akasema Bairbre, akakata simu kabla sarafu hazijaisha. Lorcan alipanda ngazi akipiga mluzi.

Jumapili Bairbre hakuja mferejini, na Jumatano iliyofuata simu haikulia. Siku ya Ijumaa, duka limejaa wateja na maboksi, Bairbre aliingia amevaa koti jeusi lililomzidi mabega. Akaketi kwenye kiti cha kujaribia viatu. Lorcan akapiga goti mbele yake, kama anavyofanya kwa kila mteja, akashika kisigino chake.

"Nataka viatu vyeusi," akasema kwa Kiingereza. Meneja alikuwa amesimama karibu, na hakutaka adhani wanamsengenya. "Baba tumemzika Jumanne."

"Bairbre."

"Acha niseme kabla sijalia. Ile Jumatano nilikuuliza. Nilikwambia kaka ameandika kuwa baba anaumwa, na baba mwenyewe ndiye aliyeniambia nikija Dublin nisirudi. Nikasema siendi mpaka aniite kwa kinywa chake. Nikakuuliza, je, nakosea? Ukaniambia niko sawa."

Lorcan alitazama soksi nyeusi ya Bairbre. Ilikuwa imetoboka kidoleni, na tundu lile hakulisahau tena.

"Nikakuuliza, na akifa? Ukaniambia niko sawa."

"Mimi..."

"Sikulaumu wewe, mpenzi. Sikia. Makaburini ndugu zangu walinitazama kama mtu aliyeua. Mama peke yake alinishika mkono. Unajua nilisimama kwa nguvu gani? Nilijisemea, yuko mtu mmoja mwenye akili, anayenisikiliza, na ameona sikukosea. Hilo ndilo lililonifikisha kwenye gari moshi." Alimgusa nywele, mbele ya meneja na wateja wote. "Kesho narudi kukaa na mama. Misa ya kutimiza mwezi tangu afariki itakuwa tarehe kumi na nne. Mama anataka umjie. Anasema, 'Mtu aliyemshauri binti yangu namtaka mezani kwangu.'"

Lorcan alimvisha kiatu. Alifunga kamba, akazifungua, akazifunga tena. Bairbre alipotoka, Lorcan aliing'oa pini ukosini, akaitupa kwenye pipa la maboksi, na haikumpunguzia kitu.

Kesho yake alijikuta kwenye meza ya samaki, akamweleza Concepta yote, kwa kuwa ndiye pekee aliyewaona tangu mwanzo.

Concepta alifuta kisu kwenye aproni. "Basi nyamaza."

"Ninyamaze?"

"Ukimwambia, utampunguzia nini? Amebaki na fimbo moja ya kuegemea, wewe unataka kwenda kumpokonya ili ulale usingizi. Oa kwanza. Zaeni wanne. Mwambie akiwa na wa tano tumboni, atakuwa hana nguvu za kukupiga."

"Fimbo yenyewe haipo, Concepta. Anaegemea hewa."

"Hajaanguka bado."

"Nitakaa mezani kwa mama yake. Watanisemesha wote kwa Kiayalandi. Huko hawasemi kingine."

"Sasa hapo unaogopa kuumbuka, usinidanganye ni dhamiri." Kisha akalainika. "Au ni vyote viwili. Chukua vibua uende, unanifukuzia wateja."

Alikwenda bila vibua. Alijaribu simu, lakini kwao Bairbre simu ilikuwa moja tu, ya posta, na karani wa posta hiyo alisikiliza kila jambo kwa niaba ya kijiji kizima. Ilibaki barua. Na Lorcan aliona wazi kwamba Kiingereza kingekuwa kujificha tena. Kwa Kiingereza angejitetea vizuri mno.

Alhamisi darasa lilipokwisha alibaki dawatini.

"Mwalimu, mtu akitaka kusema hakuelewa alichoambiwa, anasemaje?"

Mac Giolla aliandika ubaoni sentensi ya maneno matatu. "Ilikuwa somo la kwanza, Tuohy. Wewe hukuja wiki hiyo. Si hasara kubwa, hata waliokuja hawaitumii. Watu wazima wanapenda zaidi kutikisa kichwa." Akapangusa chaki mikononi. "Ni barua? Lete nikuandikie vizuri, usije ukaaibika."

"Aibu ndiyo ninayoituma, mwalimu."

Mzee alimkazia macho, asiulize zaidi. Akamwachia kamusi na ufunguo wa darasa, akamwonyesha pa kuzimia taa.

Aliandika Ijumaa jioni, Jumamosi mchana na Jumapili baada ya misa. Alichana kurasa tisa. Iliyobaki ilikuwa moja, ya mwandiko wa mtoto, na aliijua kila sentensi maana kila moja aliibeba kwa mgongo:

Bairbre. Habari yako? Mimi ni mzima. Hapa kuna mvua. Mimi si mtu wa Kerry. Koti lilikuwa la mtu mwingine na pini ilikuwa ya mtu mwingine. Sina Kiayalandi. Jumatano ile ulisema, mimi sikuelewa. Uliuliza mara mbili. Sikuelewa mara mbili. Nilisema uko sawa kwa sababu nilitaka unipende. Ulidhani tulikuwa wawili. Ulikuwa peke yako. Mimi ndiye niliyekuacha peke yako. Kama ningeelewa, ningesema: nenda nyumbani, nitakupeleka stesheni. Mwambie mama yako. Waambie ndugu zako kosa nusu ni langu. Sitakuja mezani kwenu ila uniite wewe, ukijua mimi ni nani. Barua hii nimeiandika mwenyewe. Makosa yote ni yangu. Nakupenda. Lorcan.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, alisimama kwenye kidirisha cha posta bila kofia, bahasha mkononi, bado haijafungwa.

Karani, mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, alisoma anwani. "Conamara. Hii itakwenda na gari la saa kumi. Kesho asubuhi anayo."

"Kesho tu?"

"Unataka ichelewe?"

"Nikibadili nia, naweza kuja kuichukua?"

"Ikishapita chini ya kioo hiki, bwana, ni mali ya uliyemwandikia." Alingoja. Nyuma watu wawili walikohoa. "Mbona hujaifunga?"

Lorcan alilamba gundi, chungu ulimini. Akaufunga mdomo wa bahasha juu ya kaunta, akapitisha kidole gumba toka pembe hadi pembe, akakibana hapo muda mrefu kuliko ilivyohitaji karatasi. Kisha akaisukuma chini ya kioo. Mama yule aliipiga muhuri mara mbili, akaitupa nyuma yake bila kuangalia, nayo ikaingia kwenye mfuko.