Mshumaa wa Chumba cha Matangi

Mshumaa wa meza ya dirishani ulizimika saa saba mchana, madirisha yote yakiwa yamefungwa. Hermance Grivot, mwenye nyumba ya wageni na shamba la mizabibu, aliuwasha tena huku akitabasamu tabasamu la biashara. Ukazimika. Mgeni aliyekuwa akihangaika kumchokoa konokono ndani ya gamba lake akacheka.

"Mama, huo mshumaa nao umeshiba?"

"Utambi mbaya tu, bwana. Nakuletea mwingine."

Akaleta mpya, nao ukafa kabla hajageuka. Ndipo alipoinusa ile harufu ya zabibu zinazochacha, tamu na kali, ambayo hujaza kijiji kizima wakati wa mavuno. Lakini mavuno yalikuwa bado wiki mbili, na matangi ya kuchachushia mvinyo yalikuwa matupu, yamesuguliwa, yanasubiri. Alikimbilia jikoni akijifanya anatafuta chumvi.

"Mbona umepauka hivyo, mama?" aliuliza Josiane, mpishi wake, akikoroga nyama ya ng'ombe iliyokuwa ikiiva taratibu ndani ya mvinyo.

"Joto tu, mwanangu."

"Joto gani, mwezi wa tisa huu?"

Hermance hakumtazama usoni. Mwaka mzima alikuwa akizungumza na mikono ya Josiane, na aproni yake, na sufuria zake, lakini si na macho yake.

Baba yake Josiane, mzee Firmin, alikuwa amefia hapo hapo mwaka uliopita, siku ya mlo wa kufunga mavuno. Siku hiyo, tangu enzi za mababu, mwenye shamba na wachuma zabibu hukaa meza moja kwenye ukumbi mkubwa, na hakuna cha bosi wala kibarua. Lakini mwaka huo walitokea wageni kumi na wawili kutoka Paris, watu wa suti, na Hermance akaona haya kuwakalisha na watu wenye vidole vyeusi kwa zabibu. Aliwatandikia wachumaji kwenye chumba cha matangi, huku zabibu zikichacha pembeni yao. Walipoanza kuimba akawafungia ule mlango mkubwa, ili wageni wasisumbuliwe.

Tena akafanya jambo ambalo hata mtoto wa kijiji kile asingelifanya. Zabibu zikichacha hutoa hewa nzito inayotambaa sakafuni, haionekani, na hewa hiyo huua. Kwa hiyo chini, karibu na matangi, huwashwa mshumaa. Ukizimika, watu wanatoka mbio. Hermance alipungukiwa mshumaa kwenye meza ya dirishani, akaingia, akainama, akauchukua ule.

Wachumaji wengine walitoka kwa mlango mdogo kuwahi lori lao. Mzee Firmin alijilaza kwenye benchi la chini, apumzishe mgongo. Saa kumi Hermance alimkuta amelala usingizi usio na mwisho. Je, alipiga kelele? Hapana. Kwanza alifungua milango hewa ipite. Kisha akarudisha mshumaa mahali pake, akauzima, ionekane ulizimika wenyewe. Halafu, na hapa hata mimi ninayesimulia naona haya, alitwaa chupa tupu ya mvinyo akailaza karibu na mkono wa marehemu. Ndipo akapiga kelele.

Mzee Firmin hakuwa amegusa mvinyo kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amemwahidi binti yake, siku walipomzika mkewe, na kila mwaka kwenye mlo ule alikunywa maji na sharubati ya mnanaa huku wenzake wakimtania. Sasa kijiji kizima kilisema mzee alikufa mlevi, amelala mbele ya mshumaa uliozimika asiuone. Josiane hakuwahi kukanyaga kaburini kwake tangu mazishi.

Basi kuanzia mchana ule wa mshumaa, ukumbi haukutulia. Wageni walipiga miayo kabla ya kuletewa jibini. Mbwa wa mama mmoja, aliyekuwa amejikunja chini ya meza ya dirishani, alikutwa amelegea, ulimi nje, na akazinduka tu alipobebwa uani. Siku ya nne Hermance alisikia pumzi. Ilitoka chini ya meza ile, nzito, ya mtu mzima aliyelala, inavuta, inakaa, inaachia, na katikati ya pumzi mbili ulisikika mlio wa benchi, ingawa ukumbini hamkuwa na benchi lolote.

Siku ya sita Josiane aliinama kuokota uma ulioanguka pale dirishani, na hakuinuka.

Walimburuta hadi nje. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Alipovuta hewa alishika mkono wa Hermance kwa nguvu.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu kalala mle chini. Ananuka mnanaa."

Hapo Hermance alimwita Bibi Léonie, mwanamke wa kijijini anayeondoa maumivu ya kuungua moto kwa kunong'ona maneno yake. Bibi alikuja na mshumaa wake mwenyewe, akazunguka ukumbi ameushusha usawa wa goti. Penye meza ya dirishani ukazimika. Akauwasha tena, akaunyanyua usawa wa kifua, ukawaka vizuri.

"Unaona? Yuko kwenye kimo cha benchi," alisema kwa sauti ya chini.

"Mfukuze, bibi. Nakusihi."

"Nimfukuze aende wapi? Ana neno la kusema na hana pumzi ya kulisemea." Kikongwe alimkazia macho. "Wewe pumzi unayo, Hermance. Unaitumia kufanyia nini?"

Hermance alilia. Bibi Léonie hakumbembeleza, alichukua mshumaa wake akaondoka.

Mavuno yalikuja, yakaisha, na siku ya mlo Hermance aliwakalisha wachumaji wote ukumbini, meza moja ndefu, mishumaa tisa katikati. Josiane alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Hermance akainuka.

"Mwaka jana," alianza, "mshumaa wa kwenye matangi uliondolewa kwa bahati mbaya."

Mshumaa wa upande wa mbali wa meza ulizimika.

"Uliondolewa na nani?" aliuliza Josiane.

"Ilikuwa pilikapilika, mwanangu, wahudumu wengi, wageni wengi…"

Ukazimika wa pili, na wa tatu, na wa nne, mmoja baada ya mwingine kuja upande wake, bila haraka, na ile harufu tamu ikapanda kutoka sakafuni ikawafikia watu magotini, kisha kiunoni, wakaanza kukohoa na kusukuma viti, na pumzi ile nzito ikasikika sasa na kila mtu, inavuta, inakaa, inaachia, mpaka ukabaki mshumaa mmoja tu, ulio mbele ya kifua cha Hermance, na mwali wake ukawa mdogo, wa bluu, ukisubiri.

"Mimi!" alipiga kelele. "Niliuondoa mimi, kwa ajili ya meza ya wageni! Na mlango niliufunga mimi, niliona aibu kwa nyimbo zenu! Na ile chupa…" Alimgeukia Josiane. "Ile chupa niliiweka mimi, mzee Firmin alipokuwa ameshakufa."

Mwali ukasimama wima, ukawa wa njano. Harufu ikaisha palepale.

Josiane aliweka sufuria chini taratibu.

"Kwa hiyo baba hakunywa?"

"Hakunywa hata tone."

"Nimemnyima maua mwaka mzima," Josiane alisema. "Umenifanya nimwonee haya baba yangu." Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mbele ya Hermance. Akajaza glasi maji, akatia sharubati ya mnanaa, akaenda nayo makaburini. Wachumaji wakainuka mmoja mmoja, wakamfuata. Nyama ilipoa mezani.

Tangu hapo ukumbi ni mtulivu. Wageni wanakula mpaka jioni, mbwa wanalala chini ya meza na kuamka. Jikoni kuna mpishi mwingine. Mishumaa inawaka vizuri mpaka inakwisha, ilimradi iwashwe na mhudumu.

Hermance haiwashi. Siku moja tu, kanisani, siku ya kuwakumbuka marehemu, waumini walipopokezana mwali safu kwa safu, alipewa mshumaa na jirani yake. Ulipofika mkononi mwake ukazimika. Jirani akamwashia tena, ukazimika. Safu ya mbele, Josiane aligeuka akamtazama, na Hermance akainamisha kichwa, kwa sababu karibu kabisa na sikio lake mtu alikuwa akivuta pumzi, taratibu, na pumzi hiyo ilinuka mnanaa.