Kwanza Useme Neno Lile

Ndugu zangu, nyumba ya Machage pale Nyambureti ilikuwa nyumba ya heri. Ulezi ulijaa ghalani, ng'ombe walikamuliwa vizuri, na jioni ulimsikia mkewe Agustina akisaga huku anaimba nyimbo za kanisani. Walikuwa na mabinti wawili, Robi wa miaka tisa na Esta wa miaka minne. Robi alishinda na mdogo wake mgongoni, na alipomwimbia, maneno hayakukwama hata kidogo.

Alipoongea ndipo yalipokwama. Sisi kwa Kikurya tulisema tu kwamba mtoto ana ulimi mzito, tukamsubiri amalize. Machage ndiye aliyetuletea jina. Vitani Burma alipata koti la jeshi na Kiswahili kingi, na Kiswahili alikionea fahari kuliko koti. Akatuambia shida ya binti yake inaitwa kigugumizi.

Hebu litamke, msomaji. Aliyelitunga hakika alikuwa na ulimi mwepesi, maana mwenye shida hiyo hawezi hata kuitaja. Ni kama kumwekea mgonjwa wa miguu dawa yake juu darini.

Machage aliamini kwamba aibu hulegeza ulimi. Akaweka sheria: Robi akitaka kitu, kwanza aseme neno lile. Anataka maziwa, kwanza neno. Anataka kwenda kwa bibi yake, kwanza neno. Wageni tulipofika aliitwa mbele yetu, akahangaika nalo mpaka jasho likamtoka, nasi tukacheka tukishika mbavu. Mimi pia nilicheka, siwafichi.

"Baba Robi, unamuumiza mtoto," Agustina alimwambia siku moja.

"Namfundisha," akajibu Machage.

Mwaka 1955, baada ya mavuno, wanaume sita tulikuwa kwangu mchana, tumekizunguka chungu cha pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake mrefu. Robi akaja mbio, gauni limelowa mpaka kifuani, akasimama mbele ya baba yake.

"Ta-ta-tata, E-E-E..." akaanza, maana kwetu baba ni tata.

"Umesahau sheria?" Machage akamwuliza, hata hakuinua kichwa. "Kwanza neno."

Na mtoto akatii. Hilo ndilo linalonikosesha raha mpaka leo. Angeweza kupiga yowe au kutuvuta mikono, lakini tulikuwa tumemzoeza kwamba hasikilizwi mpaka alitamke. Akafumba macho.

"Ki-ki-kigu..."

Tukacheka. Jirani yangu Nyangwine akamwambia arudie, naye akarudia mara nne. Mwisho akaacha. Akaanza kuimba, kwa sauti ileile ya kumbembelezea mdogo wake: Esta ametumbukia lamboni, Esta hatoki.

Tukatupa mirija. Lambo la kunyweshea ng'ombe lilikuwa karibu tu, ng'ambo ya shamba langu. Machage alijitosa na koti lake akamtoa Esta, lakini pumzi ilikuwa imeshakatika. Nadhani tungeondoka mara ile Robi alipofika, tungemkuta hai.

Tulimzika kesho yake. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, Robi alimwendea baba yake, akamtazama usoni.

"Kigugumizi," akasema.

Lilitoka zima, bila kukwama popote. Kisha akabaki amesimama pale, kama alivyozoeshwa, akisubiri kupewa anachotaka. Machage alikaa chini kwenye udongo akalia.

MAFUNZO

Wazee wetu walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Mwenye ulimi mzito msubirini amalize, hata kama ugali unapoa. Shida ya mtoto isiwe mchezo wa wageni, wala msimnyime haki yake mpaka afanye lile asiloliweza. Na wewe unayecheka nyumbani kwa mwenzako, usidhani msiba utakuwa wa mwenye nyumba peke yake. Mimi Stanslaus nilikuwa na mrija mdomoni siku ile, na tangu hapo sijaonja tena pombe ya chungu.