Asubuhi Mzima, Jioni Hoi

Binti yangu ni msusi. Tangu mama yake afariki, tunaishi wawili tu. Asubuhi alikuwa akifagia, anacheka, mkono mwepesi kwenye nywele za watu. Ikifika alasiri mikono inalegea, kope zinashuka, chakula kinamkwama kooni.

"Usiku unazurura wapi wewe?" nilimfokea.

"Baba, nalala kuliko wewe. Hata mimi sijielewi."

Tulikwenda zahanati mara tatu. Mganga hupokea watu asubuhi tu. Saa sita mlango unafungwa, wakubwa wameshajiondokea. Mara zote tatu binti alionekana mzima.

"Uchovu," akasema mganga. "Mpe vidonge vya kuongeza damu."

Basi nikaamini ni uvivu.

Siku moja alipaliwa na maji, yakamtokea puani. Nikamkokota hadi zahanati, saa tisa. Nikapiga mlango teke. Akatoka muuguzi.

"Mzee, mlango umekukosea nini?"

"Wenye mlango ndio walionikosea."

Akamgeukia binti. "Tazama dari, mwanangu. Usishushe macho."

Dakika haikuisha, kope zikaanza kushuka zenyewe.

"Asubuhi hakuwa hivi!" nikasema.

"Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Akipumzika, nguvu zinarudi. Akifanya kazi, zinaisha. Si wengi wanaoupata. Unaitwa miastenia. Mishipa ya fahamu hupeleka amri kwenye misuli. Sasa kinga ya mwili, badala ya kupiga vijidudu, inaziba pale amri zinapopokelewa."

"Yaani askari wanampiga mwenye nyumba?"

"Hasa."

"Kumbe hata mwilini wakubwa ni wale wale!"

Binti akacheka. Kicheko kikamwishia njiani.

"Nani kaniambukiza?" akauliza.

"Hakuna. Wala hukurogwa. Ila kupaliwa ni hatari. Nendeni hospitali kubwa sasa hivi. Na siku yoyote ukishindwa kumeza au kupumua, usingoje kesho."

Hospitali walimpima damu, wakampa dawa. Haziondoi ugonjwa, ila zinampa nguvu. Anazimeza kwa saa zake, anasuka vichwa vichache, anapumzika. Akiandikiwa dawa nyingine, anauliza kwanza, maana zipo zinazomzidishia. Mengine bado yananichanganya.

Mganga hajatuomba radhi mpaka leo. Mimi nilimwomba binti.

"Nilikuita mvivu, mama."

"Mara nyingi, baba."

Jana jioni alimaliza sahani nzima ya wali bila kukwama. Kisha akaivuta na yangu.