Si Unaona Imezimika?

Jamani, nisikilizeni, na atakayenuna anune. Mtu nitakayemsema hapa ni mdogo wangu wa tumbo moja, kwa hiyo asije mtu kuniambia namwonea. Hasira hii nimeipata kwa haki.

Jumamosi ile asubuhi, nyumbani kwake palipendeza kupatazama. Baba Pacha, ndivyo tunavyomwita, alikuwa na kaptula na ndoo ya povu, anaosha gari lao kubwa la siti saba. Binti zake pacha wamepewa kitambaa kila mmoja, wanasugua matairi na kurushiana maji. Wifi yangu yuko mlangoni na kikombe cha chai, anawacheka. Gari lile lilioshwa kuliko watoto, wallahi. Lilipakwa nta na kupuliziwa manukato mpaka ndani ya viti.

Wifi akaingia alisogeze kivulini. Akawasha, akatulia kidogo, kisha akachungulia dirishani.

"Baba Pacha, hii taa nyekundu kwenye dashibodi ni ya nini? Ina kiduara, katikati alama ya mshangao."

"Hujashusha breki ya mkono."

"Nimeishusha mpaka mwisho."

"Basi ishushe tena. Na wewe nawe, kila kitu lazima ukione!"

"Imeshuka, mume wangu. Bado inawaka."

Baba Pacha akaenda gereji shingo upande. Fundi akaingia uvunguni, akatoka na vidole vimelowa, akamweleza kwa maneno ambayo hata pacha wangeelewa. "Mafuta ya breki yanavuja. Bomba la nyuma limeliwa na kutu. Hata ukiongeza mengine yatamwagika. Liache hapa, Jumatatu nikupe gari zima."

"Leo haiwezekani. Bosi wangu anaoa, na hili ndilo litakalombeba bibi harusi."

"Basi bibi harusi apande lingine."

Hebu mwambie mtu wa sifa maneno hayo uone! Maua yameshanunuliwa ya kupamba boneti, bosi ameshamsifia gari mbele ya ofisi nzima, halafu fundi mwenye ovaroli chafu amwambie aliache? Akaondoka amevimba. Akaenda mtaa wa pili kwa fundi umeme wa magari, akamwambia, "Nizimie hii taa." Na yule naye, Mungu anamwona, hakuuliza imewaka kwa nini. Alifungua dashibodi, akachomoa kibalbu, akarudishia skrubu. Mmoja alitaka kumpa gari zima, yeye akaenda kwa mwenye kuzima. Eti na hiyo ni kutengeneza!

Bibi harusi alibebwa, na kwa bahati breki zikashika siku hiyo. Picha zikapigwa. Jioni wifi akatazama dashibodi, akaona kweupe.

"Imetengenezwa?"

"Si unaona imezimika?"

Msomaji, maneno hayo matatu ndiyo yanayoninyima usingizi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alijiahidi kulirudisha gereji wiki inayofuata, kisha akasahau. Angekumbushwa na nini, wakati cha kumkumbusha alikwisha kuagiza kitolewe?

Mimi nakaa chini ya mteremko mkali, na mbele ya geti langu barabara inaingia kwenye barabara kuu ya malori. Siku moja wifi alikuwa analeta pacha waje kushinda kwangu. Nilikuwa getini, nikaliona gari, nikapunga mkono. Halikupunguza mwendo. Nikajisemea, wifi leo ana haraka gani? Kisha nikauona uso wake. Alikuwa anakanyaga na kukanyaga, na pedali inazama tu. Akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, akalikata gari makusudi na kulipigiza kwenye lundo la mchanga wa jirani anayejenga, ili wasifike kwenye malori.

Pacha mdogo alitolewa analia. Pacha mkubwa hakulia, na huyo ndiye tuliyemkimbiza hospitali.

Gari lilivutwa hadi gereji ile ile. Fundi akafungua dashibodi, akaona palipochomolewa, akampigia wifi simu na kumweleza yote. Kwa hiyo Baba Pacha alipoingia wodini mbio, shati kalivaa ndani nje, anauliza "Breki zimekufaje?", wifi alikuwa anajua. Alikuwa ameshika mkono wa mtoto, na mtoto amefungwa bandeji kifuani na gotini, mipira ya dawa imeingia mwilini.

Tukakaa. Ghafla mashine ya kando ya kitanda ikaanza kulia, na taa nyekundu ikawaka.

Mdogo wangu, mtu mzima, akaruka kama amemwagiwa maji ya moto. "Nesi! Nesi! Taa inawaka! Njooni, mwanangu huyo! Taa nyekundu!"

Wifi hakugeuza hata shingo. "Unapigia kelele nini? Waambie waizime."

Mdogo wangu alikaa sakafuni. Sikumwinua, na sitaomba radhi kwa hilo.

Nesi alikuja mbio. Hakuigusa taa. Alimtazama mtoto kwanza, akafuata mpira kwa vidole mpaka alipoona umejikunja, akaunyoosha. Taa ikazimika yenyewe.

Pacha mkubwa yuko hai, lakini goti lile halikunjiki tena. Wifi na watoto wanakaa kwangu. Kila Jumamosi Baba Pacha huja kwa miguu, husimama getini kwanza kama mgeni, na pacha mkubwa humfuata kwa kuchechemea. Mimi humkaribisha, kwa sababu ni damu yangu. Lakini chai hanywi, na mimi simlazimishi.

FUNZO

Wenye magari, taa ya dashibodi haikuwekwa iwe pambo. Ikiwa nyekundu, simama, gari lisiende popote mpaka fundi aone kinachoumwa. Ikiwa ya njano, usingoje igeuke nyekundu. Mafundi, mteja akikwambia "nizimie", mwulize kwanza imewaka kwa nini, na akikataa kusikia, mrudishie funguo zake. Na wewe baba wa nyumba, kabla hujamwambia mkeo "si unaona imezimika", panda wewe kwanza, uteremke mteremko wangu.