Ajali ya Kasmiri na Wale Waliobaki

Msimu wa mavuno wa mwaka 1994, mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Mwanabaraka, pale Ifakara, haikupumzika. Wakulima walileta magunia kwa baiskeli na mikokoteni. Kila asubuhi Fulgensi aliwasha injini ya dizeli. Mwenzake Kasmiri, kijana wa Mkula, alimimina mpunga. Walifanya kazi wakitaniana. Jioni Fulgensi alirudi kwa mkewe Ursula na binti yao Nelly, nywele zimejaa vumbi la pumba.

Siku moja mkanda wa injini ulinasa shati la Kasmiri, ukamvuta. Fulgensi alimsikia akimwita kwa jina. Akakimbia kuzima injini. Akamtoa Kasmiri kwa mikono yake mwenyewe. Kasmiri alipumua kidogo, kisha akafa.

Wakamzika Mkula. Kesho yake Mama Mwanabaraka akafungua mashine.

"Tumelia, inatosha," alisema. "Na habari za Kasmiri sitaki kuzisikia hapa. Zinafukuza wateja."

Basi hakuna aliyezitaja. Damu iliyobaki sakafuni ilifunikwa kwa pumba.

Fulgensi akaacha kuongea. Chakula hakikupita. Usingizini alipiga kelele. Pikipiki ikipita alishtuka, jasho likamtoka. Akaanza kunywa pombe. Siku Nelly alipoangusha sufuria, Fulgensi alimpiga kofi. Kisha akaketi chini akitetemeka kama mwenye homa.

"Baba Nelly, umekuwaje?" Ursula aliuliza.

"Ananiita," alijibu. "Injini ikiwaka tu, Kasmiri ananiita."

Majirani wengine walisema amerogwa. Wengine walisema ni mwoga. Ursula hakujua ashike lipi. Akampeleka zahanati, kwa nesi Brigitha.

Nesi alimpima malaria. Hakuwa nayo. Ursula akaeleza habari ya ajali.

"Fulgensi, sikulazimishi kusema," nesi alimwambia. "Ukitaka kusema, nakusikiliza."

Maneno yakamtoka Fulgensi. "Ningekimbia zaidi, angepona. Mimi ndiye niliyemuua."

"Hukumuua. Uliona jambo zito mno. Mwili wako bado unaogopa, kana kwamba ajali inatokea sasa hivi. Huu si uchawi, wala si uoga. Wengi hupata nafuu wakipumzika na kupata watu wa kuwasikiliza. Pombe itakuzidishia." Akasogeza kiti. "Je, umewahi kuwaza kujiua?"

Fulgensi aliinamisha kichwa. "Nimewaza."

Ursula aliziba mdomo kwa kanga.

"Asante kwa kuniambia," nesi alisema. "Usiachwe peke yako. Twende hospitali sasa hivi, ukamwone daktari."

Walikwenda wote watatu, na daktari akaanza kumtibu. Baadaye nesi alimfuata Mama Mwanabaraka kwenye mashine.

"Sasa mimi nifanye nini?" Mama Mwanabaraka alifoka. "Mimi si daktari!"

"Si lazima uwe daktari. Je, umewauliza watu wako kama wanalala?"

Mama Mwanabaraka aliutazama mkanda. "Hata mimi silali, nesi," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi funga mashine kwanza. Waite wote, waeleze ukweli kuhusu ajali. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Fulgensi apumzike bila kukatwa mshahara. Akirudi, aanze na kazi iliyo mbali na injini. Na mkanda huo ufunikwe. Watatulia vipi wakiuona unazunguka wazi?"

Mama Mwanabaraka alifunga mashine. Fundi akafunika mkanda kwa wavu wa chuma. Wafanyakazi wakaketi pamoja na nesi. Damiani, mpakiaji wa magunia, mtu wa miraba minne, alilia kwa sauti. Hakuna aliyemcheka. Nesi akaahidi kuja tena, na kweli alikuja.

Fulgensi aliporudi, alianzia kwenye mzani. Polepole akaanza kuisogelea injini, Damiani akiwa pembeni yake. Pombe aliiacha. Usingizi ulirudi, ingawa si kila usiku. Nelly alichukua muda mrefu kumsogelea baba yake bila woga.

Kisha akaja Bi Merina, mama yake Kasmiri, kutoka Mkula.

"Shikamoo mama," Fulgensi alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Watu wananikwepa. Hakuna aliyeniambia mwanangu alikufaje."

Damiani akatazama pembeni. Fulgensi akavuta benchi, wakaketi. Akamweleza yote: jinsi alivyoitwa, alivyokimbia, na alivyochelewa.

"Alipokata roho, alikuwa na nani?" Bi Merina aliuliza.

"Na mimi, mama. Nilikuwa nimemshika."

"Kumbe hakuwa peke yake," alisema. Akaanza kulia. Fulgensi akalia naye, mbele ya wateja waliojaa uani.

Mama Mwanabaraka aliwaona. Akamwambia Damiani azime injini.