Kanyaga, Shika

"Chuma ni chuma, shemeji. Chuma hakina ukoo wala kaburi."

"Hakina ukoo, lakini kina kumbukumbu. Zirudishe hizo diski ulikozitoa."

"Nizirudishe, halafu gari lisimame kwa nini? Kwa maombi yako?"

Baba na mama mdogo walikuwa wanagombana juu ya kichwa changu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa katikati yao pale uani, nafuta diski mbili kwa tambara lenye petroli. Diski za breki ni kama masahani mazito ya chuma. Zinazunguka pamoja na magurudumu ya mbele, na dereva akikanyaga breki, pedi zinazibana kutoka pande zote mbili mpaka gari linasimama. Za kwetu zilikuwa zimekwisha. Ukikanyaga, zinalia kama mtu anayekokota jembe juu ya saruji. Pedi baba alinunua mpya. Diski alizitoa kwa muuza vyuma chakavu.

"Unajua zimetoka gari gani?" mama mdogo akauliza.

"Jeupe. Lilikuwa na magurudumu manne na usukani. Unataka na jina la babu yake?"

"Ndilo lile lililomgonga mtoto njia ya sokoni. Mtoto yuko chini ya gari, hai, anamlilia dereva, 'Kanyaga! Kanyaga!' Na gari likaenda tu."

 Baba alianza kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Mama wa yule mtoto alikuwa anakuja kwa muuza vyuma kila asubuhi," mama mdogo akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Analiwekea kiganja lile gari. Haongei na mtu, anaongea na gari. Siku ya mwisho watu walimsikia. Alisema, 'Ulikataa kusimama ulipoombwa. Utasimama mahali usipotakiwa, na utaondoka mahali usipotakiwa.' Akaenda zake, hajaonekana tena."

"Hata mimi magari nimeyatukana mengi," baba akasema, "na bado yanadai petroli."

Nilicheka. Mama mdogo alinitazama, nikaacha.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya dada. Mimba yake ilikuwa imetimia na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Daktari alishasema asithubutu kuzaa nyumbani. Hospitali iko juu ya mlima, na barabara yake imesimama kama ngazi. Baba alitaka gari liwe tayari kabla uchungu haujaanza. Mama mdogo naye alitaka dada afike salama. Walitaka kitu kimoja, ndiyo maana waligombana vile.

Mimi niliacha shule mama alipofariki, nikawa mkono wa kulia wa baba. Sitanii. Mkono wake wa kulia ulikufa ganzi, hawezi kukaza nati. Yeye anasema, mimi nafanya. Fundi wa mtaani akipita, huwa anamwuliza baba, "Msaidizi wako anapokea wanafunzi?" Na baba hujibu, "Anapokea, ila wewe hujafikia kiwango."

Jambo la kwanza alilonifundisha si spana. Ni kabari. Breki ya mkono ya gari letu ilishakufa zamani, kwa hiyo baba alichonga kabari mbili za mti mgumu za kuweka nyuma ya magurudumu. Haingii mtu chini ya gari bila kabari zile. Mawe baba hayaamini. "Jiwe linaviringika," husema. "Kabari inang'ata."

Nilimaliza kufuta diski, nikazilaza juu ya gunia, zinang'aa mpaka unaona uso wako. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, moja ilikuwa na kutu.

Haikuwa kutu ya kutapakaa. Ilikuwa vidole vitano na kiganja.

"Umeishika na jasho," baba akasema. "Chuma kitupu hakichelewi kushika kutu."

Niliweka mkono wangu juu ya ile alama. Vidole vyangu viliipita kwa mbali. Kiganja kile kingeweza kulala chote ndani ya changu.

Baba aliona. Najua aliona, maana aliutazama mkono wangu kabla ya kusema, "Piga msasa."

Nikapiga msasa mpaka ikatoka. Nikaigeuza. Upande wa pili ilikuwepo.

Tulifanya kazi bila kuongea sana. Nililegeza nati gari likiwa bado chini, nikaweka kabari, nikapandisha jeki, nikatoa gurudumu. Nikafungua kalipa, ile taya ya chuma inayoshika pedi, nikaifunga kwa waya juu ili isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Diski ya zamani iligoma. Niliigonga kwa nyundo huku na huku mpaka ikaachia. Nikasugua kitovu cha gurudumu kwa brashi ya waya, nikavika diski ya gari jeupe. Iliingia bila kugongwa. Iliingia kama mtu anayerudi kwake.

Upande wa pili hivyo hivyo.

Ikabaki kutoa upepo kwenye mafuta ya breki. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine yuko chini karibu na gurudumu. Wa chini anasema, "Kanyaga," na wa juu anakanyaga. Anasema, "Shika," wa juu anashikilia mguu palepale, naye wa chini analegeza nipo, kile kijibomba cha kutolea upepo, upepo unatoka, anakaza. Ndipo anasema, "Achia." Usiachie kabla hujaambiwa. Ukiachia mapema, gari linavuta upepo ndani na kazi yote imeharibika. Kulegeza na kukaza nipo ndiyo kazi pekee ambayo baba aliiweza kwa mkono wa kushoto.

Nilikaa kwenye usukani. Boneti ilikuwa wazi mbele yangu, sioni kitu ila bati.

"Kanyaga," baba akasema.

Nikakanyaga.

"Shika... Achia."

Tukaenda hivyo, pedali ikaanza kuwa ngumu. Ilikuwa mchana kweupe. Nasikia jirani anapiga zulia ukutani, nasikia redio ya mtu. Nikasikia pia dada akiita kutoka ndani, na hatua za mtu. Nikadhani ni mama mdogo.

"Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Shika."

Nikashika.

Ikawa kimya. Zulia likaacha kupigwa. Mguu ukaanza kuchoka.

"Baba, niachie?"

"Shika."

Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu mwenye mafua. Na haikutoka kwenye gurudumu. Ilitoka chini yangu. Chini ya kiti.

"Baba?"

"Shika. Shika. Shika."

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Baba akatoka, anajifuta mkono kwa taulo.

"Unakanyaga nini? Si nimekwenda kumwona dada yako?"

  Mguu wangu ulikuwa bado kwenye pedali. Ndipo nilipouinua, na pedali haikufuata. Ilibaki chini. Kama imeshikwa.

Kisha ikapanda. Polepole sana.

Baba alipiga magoti, akatazama chini ya gari. Nami nikashuka nikatazama. Palikuwa na gunia, na vumbi, na kwenye vumbi alama ya mwili mdogo uliolala chali.

"Paka," baba akasema.

Sikumbuki kama tulishawahi kuwa na paka mwenye mabega.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwa kunong'ona, maana mama mdogo angesikia angelia. Baba alinisikiliza. Alizungusha diski kwa mkono, zikazunguka laini. Alikaa kwenye usukani, akakanyaga, akaachia, akakanyaga. Pedali ngumu, nzuri, kama ya gari jipya.

"Kesho tutazitoa," akasema hatimaye. "Sikiliza, binti yangu. Kesho nazirudisha mwenyewe. Lakini lazima leo gari liwe na—"

Hakumaliza. Dada alipiga kelele ndani. Chupa ilikuwa imepasuka.

Kutoka hapo kila kitu kilikwenda mbio na hakuna aliyeniuliza kitu. Mama mdogo alitoka na begi, kanga moja imemwanguka. Nilirudisha magurudumu, nikakaza nati, nikashusha jeki, nikachomoa kabari nikazitupia stoo ili zisimkwaze dada. Baba alimbeba dada kwa mkono mmoja na nusu.

Nilishika mlango wa gari. "Baba, usilipeleke. Tafuta gari jingine."

"La nani?"

 Mtaa wetu mzima una gari moja, nalo ni letu.

"Nimbebe mgongoni mpaka juu?" akauliza. Hakuwa mkali. Alikuwa anauliza kweli, kama vile ningesema ndiyo angefanya.

Nikaachia mlango.

Gari lilipokata kona nililiona likifunga breki kidogo, kisha likaendelea. Breki moja kama ile inatosha kufuta kutu yoyote kwenye diski. Baba ndiye aliyenifundisha. Pedi inasugua chuma na alama inakwisha. Lakini gurudumu lilipogeuka kwenye kona, katikati ya matundu ya rimu, niliviona vile vidole. Vinazunguka. Haviharibiki.

Nilibaki. Nikafagia uani. Nikafua kanga. Nikapiga simu ya baba, ikalia juu ya kabati la vyombo. Nikakaa kizingitini nikiitazama barabara, na barabara haikuniambia kitu.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika Haraka. Haraka ni jirani yetu, muuza maji. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuharakisha. Ukimwagiza maji ya kuogea leo, utaoga sikukuu. Siku ile alikuja juu ya baiskeli anatweta, shati limemganda mwilini.

"Dada yako mzima," akasema kabla hajashuka. "Kafika. Tumembeba kwa mlango."

"Mlango gani?"

"Tumeng'oa mlango wa kibanda cha mtu, tukamlaza, tukapanda naye. Mama yako mdogo kaenda naye. Mtoto tumemsikia akilia. Mzima."

Nilikaa chini. Nilicheka na kulia.

"Na gari?"

Haraka akajifuta uso. "Gari limegoma katikati ya mlima. Limesimama tu, tii. Magurudumu ya mbele yamebanwa. Tumeweka gia huru tukasukuma, wanaume wazima, halitikisiki. Hata tembo halisogezi lile."

"Baba yuko wapi?"

"Analitengeneza. Kanituma kabari zake. Anasema mawe hayataki."

"Yuko wapi, Haraka?"

"Si nimekwambia, analitengeneza."

"Kaingia chini?"

Alitazama kengele ya baiskeli yake. "Anaangalia tu. Anasema akilegeza kitu fulani magurudumu yataachia. Mimi nikamwambia subiri kabari, akasema anaangalia tu. Gari lenyewe limeng'ang'ania, dada, lisingeweza..."

Nilikimbilia ndani. Nilipita sebuleni, nikapita jikoni, nikaingia stoo, nikazipata nyuma ya debe. Kabari moja kila mkono. Nzito. Zina alama za meno ya matairi ya miaka yote. Nilikuwa naona mlima ule. Naona gari limeelekea juu. Naona miguu ya baba inatokeza chini yake, na mkono wake wa kushoto unapapasa nipo.

Nilirudi sebuleni. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Nami nilikuwa nimeuacha wazi.

Palikuwa hakuna upepo.

Nilipofika mlangoni, ukabishwa. Si pale watu wanapobisha. Ulibishwa chini. Usawa wa goti langu.

"Haraka?"

Nje kule, mbali, getini, Haraka aligonga kengele ya baiskeli kunihimiza.

Ukabishwa tena. Kwa upole. Kwa kiganja.

Alama ipo mpaka leo, chini ya mlango wetu, upande wa nje. Kiganja kidogo cha rangi ya kutu, kwenye mbao isiyo hata na msumari. Mama mdogo ameipiga msasa, ameipaka rangi, inarudi. Dada akiwa na mtoto mgongoni hapiti mlango huo, anazungukia jikoni. Kabari nimeziweka juu ya kabati, pembeni ya simu ya baba; vyote havina mwenyewe tena.

Lakini saa ile alama ilikuwa bado haijawa alama. Nilikuwa mimi, na mbao zile mikononi, na mlango katikati yetu. Na ile sauti, ya chini, yenye mafua, kama ya mtoto ambaye amesubiri muda mrefu na sasa ameridhika, ilisema:

"Dada, sasa achia."